Jawabu kwa Wanaolidharau Darsa la Maktaba

Imeenea siku hizi katika vyuo vikuu vyetu kauli moja ambayo, kwa kusemwa mara nyingi na watu wenye vyeo na heshima zao, imekwisha kupata sura ya jambo lililothibitika, nayo ni kwamba warsha zinazoandaliwa na maktaba ili kuwafundisha wanafunzi namna ya kutafuta, kupima na kutumia maarifa yaliyohifadhiwa katika vitabu, majarida na hifadhidata za kompyuta, ni desturi ya kale isiyo na faida tena. Husemwa kuwa kijana aliyekua na simu mkononi hahitaji kufundishwa kutafuta, kwa sababu kutafuta ndiyo kazi aliyoianza kabla hajajua kuandika jina lake. Husemwa kuwa mitambo ya kutafutia imekuwa na akili kuliko katalogi. Husemwa kuwa mkutubi ni mlinzi wa vitabu wala si mwalimu. Na tangu ilipokuja akili mnemba husemwa, tena kwa sauti ya ushindi, kuwa hata kutafuta kwenyewe kumepitwa na wakati, maadamu mtu aweza kuuliza na papo hapo akajibiwa. Nimeisikia kauli hii katika vikao vya idara, nimeisikia katika mabaraza ya waalimu baada ya kazi, na nimeisikia, jambo lililonihuzunisha kuliko yote, katika vinywa vya wanafunzi wenyewe. Mimi naiona kuwa ni kauli batili, na madhara yake naona yatawafika mwanzo wale wanaosoma na kuandika juu ya lugha yetu na watu wetu.

Sitaanza na nadharia, nitaanza na kisa. Miaka michache iliyopita nililetewa pendekezo la utafiti la mwanafunzi wa shahada ya umahiri, binti mwerevu na mwenye bidii, aliyekusudia kuandika juu ya lugha ya magazeti ya Kiswahili katika zama za ukoloni. Katika mapitio ya maandiko alikuwa ameandika sentensi ile ambayo sisi tunaosoma kazi za namna hii tumekwisha kuizoea: kwamba mada hiyo haijashughulikiwa na mtafiti yeyote, na kwamba hilo ndilo pengo alilokusudia kuliziba. Nikamwuliza alitafutaje. Akanijibu, "Nimetafuta kote, Mwalimu, hakuna kitu," na kwa unyofu wake akanifungulia simu anionyeshe. Maneno aliyokuwa ameyaandika ni haya: magazeti ya Tanzania wakati wa ukoloni.

Msomaji aliyepita katika njia hizi amekwisha kuliona kosa, na si kosa la mtu mjinga. Jina la Tanzania halikuwako kabla ya mwaka 1964. Aliyeandika juu ya magazeti hayo katika siku za Waingereza aliandika juu ya Tanganyika. Aliyeandika kabla yake aliandika kwa Kidachi, na nchi akaiita Deutsch-Ostafrika, na lugha yetu akaiita Suaheli. Na yule aliyeandika juu ya upande wa pili wa mlango wa bahari huenda hakuandika Unguja bali Zanzibar. Fauka ya hayo, magazeti yenyewe hayakuandikwa katika katalogi kwa neno magazeti, bali kila moja kwa jina lake: Kiongozi, lililopigwa chapa Tanga katika zama za Wadachi, au Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923. Binti yule alikuwa amesimama mbele ya nyumba iliyojaa watu, akaita jina ambalo hakuna mmoja wao aliyepata kuitwa, na aliposikia kimya akahukumu kuwa nyumba ni tupu. Nilimpeleka kwa mkutubi. Baada ya alasiri moja, yapata saa tatu hivi, alirudi na orodha ya maandiko yaliyozidi arobaini, mengine yakiwa katika jengo lile lile alilokuwa akiketi kila siku kuandika kwamba hakuna kitu.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Maarifa yaliyohifadhiwa hayakai kwa jina tunaloyaita sisi. Hukaa kwa jina alilolipa yule aliyeyahifadhi, katika siku aliyoyahifadhi, kwa lugha yake na kwa imla ya zama zake. Mtu asiyejua hilo, hata akipewa chombo chenye nguvu kiasi gani, atakuwa anapiga hodi katika milango iliyohamishwa. Na hakuna watu duniani ambao maarifa yao yamepewa majina mengi na wageni wengi kama watu wa pwani hii. Jarida la kitaalamu la lugha yetu lilianza mwaka 1930 kama taarifa ya Kamati ya Lugha iliyoundwa na serikali za kikoloni za Afrika Mashariki. Baadaye likaitwa jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Kisha likaitwa Swahili. Na leo ni Kiswahili. Ni mto mmoja wenye majina manne, na mwanafunzi anayelijua jina la mwisho tu hunywa maji ya mdomoni asijue kuwa kuna chemchemi. Kadhalika lile jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanza kutoka mwaka 1936, na ambalo baadaye lilibadili jina pamoja na nchi, limejaa habari za misikiti ya kale, za makaburi, za ufundi wa majahazi na za mila za bara na pwani. Lakini kijana anayelitafuta kwa jina la Tanzania peke yake ataipata nusu yake, na ile nusu nyingine hataijua hata kuikosa.

Tazama tena utungo mashuhuri wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Katika katalogi moja utaukuta kwa jina la Inkishafi, katika nyingine Al-Inkishafi. Mtungaji wake hapa ni Abdallah, pale Abdalla, kwingine Abdullah. Na waandishi wa katalogi wa Ulaya, waliozoea kila mtu kuwa na jina la ukoo, wamemtia mara chini ya Nasir na mara chini ya Abdallah, kwa kuwa majina yetu ya bin na binti hayakuumbwa kwa ajili ya makabati yao. Utenzi wa Tambuka huitwa pia Chuo cha Herekali, na utenzi wenyewe huandikwa utendi na watu wa kaskazini. Vitabu juu ya lugha na fasihi yetu, katika mpangilio wa Maktaba ya Bunge la Marekani unaofuatwa na maktaba nyingi za vyuo vikuu, vimewekwa katika PL 8701 na kuendelea, katika daraja moja na lugha za Asia ya Mashariki na za visiwa vya Bahari ya Pasifiki, ilhali historia ya watu hao hao imewekwa mbali, katika DT, na dini yao mbali zaidi, katika BP. Mwanafunzi wa ushairi wa Muyaka anayesimama kwenye rafu ya PL peke yake atayasoma mashairi bila ya kuiona Mombasa iliyoyazaa. Haya yote ni mambo ya kufundishwa. Hayamo katika damu, wala hayaji kwa kukua karibu na simu.

Wala usidhani kuwa taabu hii itaondolewa na kompyuta. Katika baadhi ya mambo kompyuta imeizidisha, nami nitatoa mfano mmoja ambao naona haujasemwa vya kutosha. Mtafutaji anayetumia Kiingereza hufundishwa hila moja nyepesi: huandika mzizi wa neno, akautia kinyota mwishoni, na hifadhidata ikamletea maneno yote yaliyochipuka katika mzizi huo. Akiandika poet na kinyota, huletewa poet, poets na poetry kwa pigo moja. Hila hii ni nzuri, lakini iliundwa kwa ajili ya lugha ambazo maneno yake hubadilika mkiani. Kiswahili hubadilika kichwani. Sisi tuna shairi na mashairi, ushairi, mshairi na washairi. Tuna tungo, mtunzi, watunzi na utunzi. Tuna ametunga, walitunga na hutunga. Kinyota ukikiweka mwishoni mwa shairi hakitakuletea mshairi hata mmoja, na hifadhidata, aghalabu, hazikubali kinyota kitangulie neno. Basi mtafiti wa Kiswahili hana budi kuyataja maumbo yote moja moja na kuyaunganisha kwa neno la AU, kwa ile mantiki ambayo asili yake ni kazi ya George Boole, mwanahisabati wa Kiingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1854. Kisha ayaongeze maumbo hayo kwa imla za kale, kisha aongeze majina ya Kiingereza na ya Kidachi. Ni kazi ya dakika kumi kwa aliyefundishwa. Asiyefundishwa hataifanya maisha yake yote, kwa kuwa hajui kuwa kuna kazi ya kufanywa. Sasa naomba wale wanaosema kuwa kijana amezaliwa akijua kutafuta waniambie: hili alilijua kwa kuzaliwa?

Huambiwa nikisema hivi kuwa mitambo ya kutafutia ya intaneti haihitaji hila hizo, kwani hulielewa swali hata likiandikwa ovyo. Ni kweli kwamba huleta jawabu, na huleta upesi. Lakini ni haki tuulize kwa sheria gani huamua lipi litangulie. Larry Page na Sergey Brin walipoieleza kanuni ya mtambo wao mwaka 1998, msingi wake ulikuwa kwamba ukurasa unaoelekezewa na kurasa nyingi, hasa zile ambazo nazo zinaelekezewa na nyingi, hupandishwa juu. Kanuni hiyo imeongezewa mambo mengi tangu siku hizo, walakini roho yake haijatoka: kinachojulikana na wengi huja mbele, na kisichojulikana husukumwa nyuma. Kwa mtu anayetafuta bei ya simiti hilo ni jambo jema. Kwa mtafiti ni mtego, kwa sababu kazi ya utafiti ni kukiendea kile ambacho wengi hawajakiona. Katalogi ya hati za Kiswahili na Kiarabu zilizokusanywa kwa ajili ya maktaba ya Dar es Salaam, aliyoitengeneza J. W. T. Allen ikapigwa chapa Leiden mwaka 1970, haielekezewi na kurasa nyingi. Hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu zimepigwa picha kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, na mtu aliyeketi Morogoro aweza kuzitazama bila ya kulipa nauli. Lakini sijapata kukutana na mwanafunzi hata mmoja aliyezifikia kwa kubahatisha. Wote walioziona walionyeshwa na mtu.

Meli kubwa ya chuma, yenye vyombo vya kupimia kina na kuonyesha njia ambavyo manahodha wa majahazi hawakuviota, ifikapo mbele ya mlango mwembamba wa bandari ya Dar es Salaam hupunguza mwendo na kumngoja rubani. Nahodha wake haoni kuwa ni fedheha kwake, wala hasemi kuwa injini yake ni kubwa kwa hiyo miamba haimhusu.

Nije sasa kwenye akili mnemba, ambayo wapinzani wangu wameifanya kuwa ngome yao ya mwisho. Husema: mwanafunzi akiuliza, atajibiwa kwa Kiswahili fasaha, na marejeleo atapewa, warsha ya nini tena? Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walipeleka mahakamani hoja iliyojengwa juu ya hukumu za kesi walizozipata kwa njia hiyo, na ilipochunguzwa ikadhihirika kuwa kesi hizo hazikupata kuwako. Jaji akawatoza, pamoja na ofisi yao, faini ya dola 5,000. Hao walikuwa watu wa makamo katika kazi inayoishi kwa ushahidi. Nami binafsi nimesoma tasnifu ambayo orodha ya marejeleo yake ilikuwa na makala tatu zilizohusishwa na jarida la kweli, kwa juzuu na kurasa zilizoandikwa sawasawa, na mmoja wa waliotajwa kuziandika alikuwa rafiki yangu niliyesoma naye; nilipompigia simu aliniambia kuwa hajaandika kitu kama hicho hata kwa ndoto. Mwanafunzi hakuwa mwongo. Alikuwa amepokea habari asiulize imepitia kwa nani.

Na hapa nashangazwa na usahaulifu wetu, maana ikiwa kuna watu ambao hawakupasa kuingia katika shimo hili ni sisi. Mafakihi waliowafundisha babu zetu hawakuipokea habari kwa uzuri wa maneno yake. Waliuliza isnadi: amekupa nani, naye kapewa na nani, je, walikutana, je, walikuwa wa zama moja, je, fulani alikuwa mwenye kuhifadhi au mwenye kusahau? Ilizaliwa elimu nzima ya kuwachunguza wapokezi wa hadithi, na Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alitoka kwao Bukhara akasafiri Hijazi, Iraki, Shamu na Misri kwa ajili ya kuzikusanya na kuzipima habari. Mwanafunzi aliyehitimu darsa katika miji yetu ya pwani alipewa ijaza, na ndani ya ijaza mna jina la mwalimu wake, na la mwalimu wa mwalimu wake, silsila inayorudi nyuma karne kwa karne. Ile orodha ya marejeleo tunayomtaka mwanafunzi aiweke mwishoni mwa tasnifu, ambayo yeye huiona kuwa adhabu ya nukta na mikato, ni isnadi kwa jina jingine. Na warsha ya maktaba inayomfundisha kuuliza makala hii imetoka katika jarida gani, nani aliyeipitia kabla haijachapwa, na je, imekwisha kubatilishwa, inamrudisha katika adabu ya wazee wake. Mwaka 1998 jarida maarufu la matibabu la Uingereza, The Lancet, lilichapisha makala iliyodai kuwapo kwa uhusiano baina ya chanjo na maradhi ya watoto; jarida likaifuta mwaka 2010. Leo, miaka mingi baadaye, bado ninaletewa habari yake na watu wenye shahada, kana kwamba haijafutwa. Aliyefundishwa kufuata silsila angeliona mahali ilipokatika.

Mintarafu ya wale wanaosema kuwa mkutubi si mwalimu, sitakawia sana, kwa kuwa dai lao hutokana na kutowajua wakutubi kuliko kutokana na hoja. Neno letu faharasa ni ndugu wa jina la kitabu alichokitunga Ibn al-Nadim huko Baghdad mwaka 987, mtu wa kazi ya vitabu ambaye bila ya tabu aliyoichukua ya kuorodhesha vitabu vya wakati wake tusingaliyajua hata majina ya vingi vilivyopotea. S. R. Ranganathan alikuwa akisomesha hisabati kabla ya kukabidhiwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924, na katika kanuni zake tano za mwaka 1931 mojawapo inaamuru kuokoa wakati wa msomaji. Na katika siku zetu, mtu aliyewazindua wanazuoni wa dunia juu ya majarida ya walaghai, yale yanayochukua fedha na kuchapisha chochote bila ya kukisoma, hakuwa profesa wa elimu ya viumbe wala wa uchumi. Alikuwa Jeffrey Beall, mkutubi wa chuo kikuu huko Denver, Marekani, na orodha yake, pamoja na ubishi wote ulioizunguka, ilitumiwa duniani kote mpaka alipoiondoa mwaka 2017. Waalimu wangapi wa kwetu wamepoteza akiba zao katika majarida ya namna hiyo? Nawajua baadhi. Walikuwa mabingwa katika fani zao, ila hawakuwa wamefundishwa jambo ambalo mkutubi wa maktaba yao alikuwa tayari kuwafundisha bila ya malipo.

Huja pia hoja ya gharama, na hii hutolewa kwa uso wa huzuni na watu wanaotunza fedha. Nawaheshimu, lakini hesabu yao naiona imeanzia mwishoni. Mwaka 1964 chuo cha Dar es Salaam kilipohamia Mlimani, shida ya msomaji ilikuwa uchache wa vitabu. Ilikuwa kweli kwamba aliyeikosa nakala moja rafuni ameikosa kabisa. Leo pale pale Mlimani pana maktaba iliyofunguliwa mwaka 2018, iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya vitabu 800,000 na wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Mpango wa HINARI, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, na ndugu zake waliofuata, umefungua maelfu ya majarida kwa vyuo vya nchi zetu, bure au kwa ada ndogo. Vyuo vya Tanzania vimeungana katika COTUL, na vya Kenya katika KLISC, ili kugawana gharama ya kununua ruhusa ya kusoma hifadhidata zinazouzwa kwa bei isiyowezekana kwa chuo kimoja. Fedha nzito zimekwisha kutumika, na zinatumika kila mwaka. Kisha, ukifika wakati wa kumlipa mtu mmoja na kutenga chumba kimoja ili wanafunzi wajue mlango wa hazina hiyo uko wapi, ndipo tunaposikia kuwa hakuna fungu. Huku ni sawa na kununua jahazi, matanga na amari, ukamnyima baharia posho kwa kubana matumizi. Na wanafunzi wasioujua mlango hawakai bure: huenda kwenye maduka ya steshenari yaliyo kando ya chuo wakanunua yale makaratasi wanayoyaita madesa, yaliyorudufiwa mwaka hata mwaka mpaka herufi zimefifia, na hayo ndiyo yanayokuwa maktaba yao.

Naam, ipo hoja moja ya wapinzani ambayo siikatai, nayo ni kwamba warsha nyingi, kwa namna zinavyoendeshwa, hazifundishi kitu. Nimepata kuketi katika moja ya warsha hizo, katika chuo ambacho sitakitaja, nyuma kabisa ya ukumbi uliokuwa na watu wasiopungua mia nne. Ilikuwa wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza. Vijana walikuwa bado hawajapata vitanda vya kulalia, na baadhi yao walikuwa wameshika bahasha za vyeti mikononi. Mbele kulikuwa na turubai linaloonyesha picha za hifadhidata, maandishi yake yakiwa madogo yasiyosomeka kutoka mstari wa tano, na mkutubi mnyenyekevu, mwenye sauti iliyochoka, akisoma majina ya hifadhidata hizo moja baada ya moja. Alitaja kumi na saba, nilihesabu. Hakuna aliyeuliza swali, kwa sababu hakuna aliyekuwa na swali: mtu hawezi kutaka njia ilhali hajajua aendako. Baada ya saa moja wakaondoka, na katika vitabu vya ripoti yamkini ikaandikwa kwamba wanafunzi mia nne wamepata mafunzo.

Ikiwa hiyo ndiyo warsha inayodharauliwa, basi nami naidharau pamoja nao. Lakini tangu lini darasa baya likawa burhani ya kuwa elimu yake haina maana? Hesabu imefundishwa vibaya katika shule nyingi na hatujasikia mtu akitaka ifutwe. Dawa ya warsha ile iko wazi, na walioijaribu wanaijua. Iondolewe katika wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, iwekwe pale mwanafunzi anapoanza kuandika pendekezo lake, wakati njaa ya jambo hilo imekwisha kumshika. Itolewe ukumbini, ipelekwe katika chumba cha kompyuta, watu wasizidi thelathini, kila mmoja na mada yake mwenyewe. Mhadhiri wa somo aketi pamoja na mkutubi, maana mmoja anajua fani na mwingine anajua njia, na mwanafunzi anawahitaji wote wawili. Alama zitolewe kwa kazi hiyo kama zitolewavyo kwa insha. Na mifano iwe yetu: siku ya kufundisha kinyota, afundishwe pia mahali kinyota kinapoishiwa nguvu mbele ya ngeli za Kiswahili, siku ya kufundisha majina ya kitaalamu ya katalogi, afunguliwe Mambo Leo na Kiongozi, wala asifunguliwe tu mifano ya magonjwa na mazao iliyokuja na kijitabu kutoka ng'ambo.

Lililobaki ni lile dai kwamba wanafunzi wenyewe hawaji, na kwamba kutokuja kwao kwatosha kuwa hukumu. Nilimwuliza binti yule wa magazeti, alipokuja kunionyesha pendekezo lake jipya, ambalo ndani yake ile sentensi ya pengo ilikuwa imefutwa na mahali pake palikuwa na swali moja jembamba na zuri juu ya mashairi ambayo wasomaji walikuwa wakiyapeleka Mambo Leo: mbona hakuwa amehudhuria warsha hata moja katika miaka yake yote ya chuo? Akastahi kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, tangazo lilikuwa limeandikwa Mafunzo ya Matumizi ya Maktaba. Nilidhani tutaonyeshwa vitabu vinapokaa na kuambiwa tusiingie na chakula." Hata warsha yenyewe, basi, ilikuwa imewekwa chini ya jina ambalo mwenye kuihitaji hawezi kulitafuta. Nawaomba wakutubi wetu tangazo la mwaka ujao waliandike hivi, na walibandike mlangoni mwa idara, penye macho ya watu: Darsa la kutafuta. Njoo na mada yako, na lile ulilokwisha kulitafuta ukalikosa. Nafasi thelathini, alasiri moja, tutatafuta pamoja.